Uzoefu wangu wa kubadilisha ekseli ya nyuma na breki za dramu kwenye pikapu ya zamani

Kilichonifanya niifungue ekseli ya nyuma ya pikapu yangu ni harufu. Kila nilipoteremka mlima nikiwa na mzigo, harufu ya oili inayoungua ilitoka kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, na nilipoivua dramu nikakuta viatu vya breki, vile vipande vinavyoibana dramu kwa ndani, vimelowa oili ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazoyazungusha magurudumu), vyeusi na vinang'aa. Sili ya upande huo, yaani mpira wa kuzuia oili isivuje, nilikuwa nimeshaibadilisha mara 2 na kila mara ilidumu miezi michache tu. Kosa halikuwa la sili. Juu ya ekseli kuna kitundu kidogo cha kupumulia, na changu kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka likawa gumu kama saruji. Difu inapopata joto hewa iliyomo ndani hutanuka, na ikikosa pa kutokea huisukuma oili ipite kwenye sili hadi ndani ya dramu.

Kama tatizo lingeishia hapo, kipande cha waya cha kuzibulia kingetosha. Lakini beringi zilikuwa zimeanza kulia, na dramu zilikuwa zimechongwa mashine mara nyingi kiasi kwamba zilipita kipimo cha mwisho: ukingoni palikuwa pamepigwa chapa ya milimita 256, na moja ilipima karibu 257. Dramu iliyopita kipimo hicho ni nyembamba, hupata joto haraka, inaweza kupasuka, na hakuna fundi makini atakayekubali kuichonga tena. Ndipo nilipoamua kutafuta ekseli nzima kutoka kwenye pikapu nzito zaidi iliyokwisha kufa, yenye dramu za inchi 11, yaani milimita 279, badala ya zangu za inchi 10.

Muuzaji alinihakikishia kwamba kila kitu ni kizima, nami nikamwomba tufungue kifuniko cha difu kabla ya kuzungumzia fedha. Oili ilikuwa nyeusi, ila haikuwa na vipande vya chuma, na meno ya krauni, ile gia kubwa ya difu, hayakuwa na vishimo wala kona zilizomegeka. Kisha nikalizuia gurudumu moja lisizunguke, nikazungusha la pili mara 2 kamili huku nikihesabu mizunguko ya pinioni, gia ndogo inayoiendesha krauni; gurudumu moja likizuiwa, mizunguko 2 ya la pili ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni. Hesabu ikafika mara 3 na karibu robo tatu. Kwa hiyo uwiano wa difu hiyo, yaani mizunguko ya pinioni kwa kila mzunguko mmoja wa krauni, ulikuwa 3.73, ilhali wa kwangu ulikuwa 4.10. Niliiona tofauti hiyo kuwa ndogo, na nakiri kwamba niliidharau.

Kazi ya kuipachika ilichukua siku nyingi kuliko nilivyopanga, na sehemu kubwa ya muda haikuwa ya kufunga bolti. Vikalio vya springi kwenye ekseli hiyo vilikaa mbali zaidi kuliko springi zangu, ikabidi vikatwe na kuchomelewa upya. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukichomelea mfululizo upande mmoja, joto hulipinda bomba la ekseli, na ukishalipinda utakula tairi na beringi daima. Fundi wangu alichomelea vipande vifupi, akihama upande mmoja kwenda mwingine na kuacha chuma kipoe chenyewe bila kukimwagia maji. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, gari lilishushwa likasimama kwa uzito wake, tukapima mwelekeo wa pinioni ili ulingane na mwelekeo wa shafti inayotoka kwenye giaboksi, maana pembe zikikosana propela, ile shafti ndefu inayounganisha giaboksi na difu, hutetema na misalaba yake, yaani viungo vyake vya kupinda, haidumu. Propela yenyewe ilikatwa na kusawazishwa upya. Yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, nilizitupa, kwa kuwa zikishavutwa mara moja haziaminiki tena, na zile mpya nilizikaza mara ya pili baada ya kilomita 200 hivi.

Breki ndizo zilizonifundisha mengi, nami nitazieleza bila kujitetea.

Breki hizi ni za aina ambayo viatu vyake viwili vimeunganishwa chini na ajasta, skrubu ya kurekebisha nafasi kati ya viatu na dramu, na kimoja hukisukuma kingine. Kiatu cha mbele huvutwa na dramu inayozunguka, nacho hukikandamiza cha nyuma, hivyo cha nyuma ndicho kinachofanya kazi kubwa na ndiyo sababu laini yake, yaani ule utando unaosugua dramu, huwa ndefu zaidi. Kwa bahati niliikumbuka kanuni hiyo wakati wa kufunga: laini fupi mbele, ndefu nyuma. Nilipaka chaki ndani ya dramu, nikaizungusha huku viatu vikigusa, nikaona chaki imekamata katikati tu ya viatu. Maana yake ni kwamba dramu ilikwisha kuchongwa ikapanuka kidogo, na mviringo wa viatu vipya haukuwa umelingana nayo. Nilivirudisha kwa mchongaji, akavisugua hadi vikagusa karibu urefu wote. Ni kazi ya muda mfupi, lakini bila hiyo ningeendesha kwa muda mrefu na breki inayoshika nusu nusu.

Siku za kwanza gari lilisimama vizuri, nikafurahi mapema mno. Baada ya wiki 2 kanyagio lilianza kushuka, leo kidogo, kesho zaidi. Nilitoa upepo kwenye breki mara 3, nikianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na kanyagio) kama inavyotakiwa, na hakuna hata povu moja lililotoka. Nikaanza kuilaumu masta silinda, na nilikuwa karibu kununua nyingine. Nilipozivua dramu, nikakuta viatu viko mbali nazo kuliko siku nilipovifunga. Ajasta za kushoto na kulia zina nyuzi zinazokwenda pande tofauti, nami nilikuwa nimezibadilishana. Katika breki za aina hii kifaa hujirekebisha chenyewe unapofunga breki ukirudi nyuma. Kwangu, kila nilipofunga breki nikirudi nyuma, ajasta zilijifunga badala ya kujifungua na kuviacha viatu vikirudi ndani. Kisa chenyewe ni cha aibu: nilisafisha vifaa vya pande zote mbili ndani ya beseni moja. Sasa naosha upande mmoja, naufunga, ndipo ninapougusa wa pili.

Ajasta zilipokaa mahali pake, breki zikawa kali kupita kiasi. Asubuhi moja ya mvua, gari likiwa tupu, nilifunga breki kwa ghafla kidogo, magurudumu ya nyuma yakajifunga na mkia ukachepuka kushoto. Sikugonga kitu, ila nilisimama pembeni kwa dakika kadhaa kabla ya kuendelea. Hesabu yake ni rahisi, na ningeifanya kabla. Dramu ya inchi 11 badala ya 10 huongeza nguvu ya kuzuia gurudumu kwa asilimia 10 kwa sababu ya urefu wa nusu kipenyo. Silinda za magurudumu, zile zinazovisukuma viatu, zilizokuja na ekseli hiyo zilikuwa na kipenyo cha milimita 22.2, zangu za awali zilikuwa 20.6, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa kipenyo, hapo kuna nyongeza nyingine ya asilimia 16. Ukizizidisha pamoja, breki za nyuma ziliongezeka nguvu kwa zaidi ya robo huku za mbele zikibaki vilevile. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya ya mbele, gari huelekea kugeuka, na pikapu tupu, yenye uzito mdogo nyuma, ndiyo inayogeuka upesi zaidi.

Juu ya hayo kulikuwa na vali ya kupima mzigo. Hii hukaa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo unapolikandamiza gari, fimbo husukumwa na vali huruhusu shinikizo zaidi la mafuta ya breki kwenda nyuma. Kishikio cha fimbo kwenye ekseli mpya kilikuwa juu kuliko cha zamani, kwa hiyo vali iliamini kwamba gari limejaa muda wote. Niliishusha fimbo hadi kipimo kilekile cha mwanzo, nikarudisha silinda za milimita 20.6, ambazo kwa bahati nzuri zilikaa kwenye matundu yaleyale ya bolti, na gari likatulia. Hata mwendo wa kanyagio ukawa mfupi, kwa kuwa silinda ndogo hazihitaji mafuta mengi kutoka masta silinda.

Kuhusu uwiano wa difu, kwenye barabara tambarare injini huzunguka pungufu kwa asilimia 9 hivi, nayo safari imekuwa ya utulivu. Mlimani nikiwa na mzigo hali ni nyingine: gia ya nne niliyokuwa nikipandia sasa haivuti, narudi ya tatu mapema. Mita ya mwendo nayo inanidanganya, kwa kuwa huhesabu mizunguko ya propela. Ikionyesha 80, mimi niko kwenye 88. Ningepata nafasi ya kuchagua tena, ningesubiri ekseli yenye uwiano wa 4.10. Na mwenye pikapu inayovuta magurudumu yote 4 asithubutu kufunga uwiano tofauti nyuma bila kubadilisha difu ya mbele pia, kwani ekseli hizo zitavutana mpaka kifaa kimoja kivunjike.

Kitundu cha kupumulia nimekivalisha mpira mrefu uliopanda hadi juu ya chesisi, mahali ambapo tope haliwezi kufika. Juzi nilizivua tena dramu, na viatu ni vikavu, vina vumbi tu, ambalo nililifuta kwa kitambaa chenye maji badala ya kulipuliza, maana vumbi la breki si kitu cha kuvuta puani. Beringi hazilii. Gari likiwa na mzigo linasimama kwa mstari ulionyooka na kanyagio halilegei hata mwisho wa mteremko mrefu.

Kilichobaki ni breki ya mkono. Mkono wake ndani ya dramu hizi ni mrefu kuliko wa zamani, waya wangu umefika mwisho wa nyuzi za kukazia na bado una ulegevu, na kwenye mwinuko naendelea kuweka jiwe nyuma ya gurudumu hadi nitakapopata waya wa urefu unaofaa.