Mafunzo elekezi ya usalama kwa saidia fundi wapya: grinda safi, hanesi bado

Katika huduma hii ya nusu siku mkufunzi hukufuata saitini, na thamani yake ndiyo hiyo. Saa ya kwanza ni ya kuvumilia tu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasomwa neno kwa neno. Kibarua angetosheka kujua kwamba vifaa kinga ni jukumu la mwajiri, na kwamba ajali ikitokea taarifa iende WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kipindi cha grinda ndicho bora. Mezani kuna mashine ya inchi 4 na nusu na diski ya inchi 7, mtindo unaojulikana karakana nyingi za Dar: kava linafunguliwa ili diski kubwa ienee. Diski hiyo mwisho wake ni mizunguko kama 8,500 kwa dakika. Mashine ndogo inakimbia 11,000. Diski inapasuka, na kava la kuzuia vipande liko kwenye boksi. Wanaonyeshwa pia tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye pete ya chuma, maana gundi ya diski hudhoofishwa na unyevu, na unyevu Dar tunao wa kugawa.

Mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, kila mmoja anaufyatua mwenyewe: vuta pini, upepo uwe mgongoni, lenga shina la moto, bana, fagia kushoto na kulia. Wa kilo 6 huisha chini ya nusu dakika. Anayepulizia ndimi za juu anabaki na chuma kitupu. Namba ya Zimamoto ni 114.

Hanesi, mikanda ya mwilini ya kumdaka anayeanguka kutoka juu, wameiharibu. Wanafundisha kufunga mikanda, basi. Kamba ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko huhitaji karibu mita 6 za uwazi chini ya ndoano, pale kamba inapofungwa: kamba yenyewe, kurefuka kwake, kimo cha mtu na akiba kidogo. Aliyejifunga usawa wa miguu kwenye slabu ya mita 3 atafika chini kabla kamba haijamdaka. Kumshusha aliyening'inia hakuguswi kabisa, ilhali damu hukwama miguuni na mtu huzimia.

Mtihani wa mwisho ni kusaini karatasi. Ukiagiza, dai kila mtu asimamishe ngazi mwenyewe, mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo. Kundi lisizidi watu 15. Wakizidi, mitungi haitoshi na wa nyuma wanachezea simu.