Binti Aliyetaka Kupona: Uzoefu Wangu na Filamu ya "Dracula's Daughter" (1936)

Kwa miaka mingi niliipita filamu hii bila kuitazama, kwa kuwa kila aliyenisimulia habari za wanyonya damu wa Hollywood alianza na kumaliza kwa mwigizaji Bela Lugosi na filamu yake ya "Dracula" ya mwaka 1931, kuhusu mnyonya damu wa jina hilo. Juma lililopita nilizima taa nikaitazama hadi mwisho, dakika zake zote 71, na sasa naipenda kuliko ile iliyoitangulia.

Hadithi inaanza palepale ile ya kwanza ilipokomea, Dracula akiwa ndiyo kwanza amechomwa kigingi cha mti moyoni. Binti yake, Marya Zaleska, anaiiba maiti na kuiteketeza usiku, huku akiinua msalaba ambao yeye mwenyewe hawezi kuutazama, kwa imani kwamba baba akiisha kuwa majivu, laana ya kunyonya damu nayo itamwachia. Kisha anaketi kwenye piano. Anapozungumzia mbawa za ndege juu ya miti, mtumishi wake Sandor anamwambia kuwa ni mbawa za popo. Anapotaja mbwa anayebweka kwa mbali, Sandor anamjibu kuwa anabweka kwa sababu mbwamwitu wako karibu. Taratibu muziki unabadilika vidoleni mwake, unakuwa mzito na wa haraka, naye anaogopa alichokipiga mwenyewe. Hapo hapamwagiki hata tone la damu, lakini nilihisi baridi mwilini, kwa sababu nilikuwa namwona mtu akinyang'anywa tumaini lake.

Gloria Holden, anayeigiza kama Marya, ndiye anayeibeba filamu nzima. Uso wake umetulia, macho hayapepesi, sauti haipandi, na bado unaiona kiu anayopigana nayo, hasa pale Lili, msichana fukara aliyeletwa ili achorwe picha, anapoanza kushusha vazi mabegani na Marya anashindwa kujizuia. Kwamba anamwendea daktari wa magonjwa ya akili kuomba tiba, kama mgonjwa yeyote, ni wazo la kijasiri kwa filamu ya mwaka 1936.

Mwongozaji Lambert Hillyer, aliyezoea filamu za wapanda farasi wa Magharibi ya Marekani, amekosea kuwapa nafasi kubwa mno polisi wa kuchekesha mwanzoni, na magombano ya daktari na katibu wake yananichosha. Wavumilie hao dakika chache, mpaka piano ifunguliwe.