Steki Nairobi: ulipe wapi, na uulize nini kwanza

Nyama nyingi ya ng'ombe inayoliwa Nairobi huwa haijamaliza siku mbili tangu mnyama achinjwe. Inatoka machinjio ya Dagoretti alfajiri, mchana iko kwenye ndoano ya bucha, jioni imekwisha. Kwa mchuzi au tumbukiza hakuna ubaya. Kwa steki ni taabu, kwa sababu ng'ombe wetu ni wa malisho: ametembea sana, mafuta ndani ya nyama ni machache, na msuli wake haujapata muda wa kulegea. Steki nzuri hutokana na nyama iliyowekwa kwenye baridi wiki mbili au zaidi ikijilainisha yenyewe. Kazi hiyo ya kungoja ndiyo inayofanya bei ipande, na ndiyo pekee ninayoona inastahili pesa zako.

Kwa hiyo kabla hujafungua menyu, muulize mhudumu: nyama hii imekaa siku ngapi, na imetoka wapi? Mahali wanapojua kazi yao atakujibu, au ataenda jikoni kumuuliza mpishi. Akikuhakikishia kwa fahari kwamba imeingia leo asubuhi, agiza kitu kingine.

Nafasi ya kwanza: mkahawa wa steki hasa

Ni ghali, na bado nauweka juu, kwa siku ambayo unataka steki wala si nyama tu. Mfano ni Graze, ndani ya hoteli ya Sankara pale Westlands. Popote utakapoketi, tafuta menyu inayotaja sehemu ya ng'ombe, uzito kwa gramu na nyama ilikotoka. Ukikuta Boran wa Laikipia, furahi. Huyo ni ng'ombe wetu, anavumilia ukame na ananenepa vizuri kwa nyasi peke yake. Sioni sababu ya kulipia nyama iliyosafiri kwa ndege wakati Boran yupo.

Watu wengi hukimbilia fileti kwa sababu ndiyo laini kuliko zote, lakini ladha yake ni hafifu, ndiyo maana hufunikwa na sosi ya pilipili manga. Mimi nakushauri ribai, ile ya mbavuni yenye mafuta katikati, au ti-boni kubwa mgawane wawili. Uzito ulioandikwa ni wa nyama mbichi. Ikishaiva, karibu robo huwa imepotea. Gramu 200 si nyingi kwa mtu mwenye njaa.

Halafu kuna suala la kuiva. Tumezoea kusema "iive kabisa", na nyama ya malisho ikiiva kabisa inakauka. Kwenye kipande kizima cha ng'ombe vijidudu hukaa zaidi juu, na moto mkali huwaua, kwa hiyo watu wengi wenye afya hula steki ya waridi ndani, kwenye nyuzi 55 hivi, bila shida. Nyama ya kusaga ni habari nyingine, hiyo lazima iive mpaka katikati. Mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu naye aagize iliyoiva kabisa. Na kama roho yako inakataa wekundu, usijilazimishe: hifadhi pesa zako, nenda nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: choma ya kilo

Kwa thamani ya pesa, hapa hapana mpinzani. Kenyatta Market, Burma karibu na City Stadium, Roadhouse kule Hurlingham, Njuguna's kwenye Waiyaki Way: kote huko unapimiwa nyama, mara nyingi ya mbuzi, kisha inaenda kwenye makaa. Moto wa polepole unafanya kwa mbuzi kile ambacho baridi inafanya kwa ng'ombe, ndiyo maana nyama iliyochinjwa jana inaweza kutoka laini.

Usimwachie mwenye bucha akuchagulie. Simama kwenye kioo, angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama, chagua mbavu au mguu wenye mafuta kidogo, na uone mizani kwa macho yako. Omba wasiikatekate kabla ya kuchoma, maana vipande vidogo hukauka haraka. Chumvi tu inatosha. Subira unaihitaji, wakati mwingine zaidi ya saa nzima, kwa hiyo wenye busara hupiga simu mapema. Ikija kwenye ubao na ugali na kachumbari, watu wanne watashiba kwa bei inayoweza kukaribia sahani moja ya Westlands.

Karibu na nafasi hii naiweka Eastleigh, kwa nyama ya ngamia na wali. Si steki ya kitabuni, lakini mpenda nyama anayeishi Nairobi na hajaionja amejinyima.

Nafasi ya tatu: kula hadi ushindwe

Carnivore, karibu na Lang'ata Road, iko tangu 1980. Nyama inachomwa kwenye sime za Kimaasai juu ya shimo kubwa la makaa, wahudumu wanakukatia mezani, na hawaachi mpaka ushushe kibendera kilicho mezani. Fogo Gaucho inafuata mtindo kama huo kwa namna ya Kibrazili. Bei ni moja kwa kila mtu, hivyo kwa mlaji mdogo ni hasara. Mpeleke mgeni, au sherehekea siku ya kuzaliwa. Soseji na mabawa ya kuku huja mapema. Yaache yapite, subiri ng'ombe na kondoo. Wanyamapori wa zamani, kama punda milia, hawapo tena kwa sababu sheria imekataza. Mamba na mbuni wa kufugwa ndio waliobaki.

Nafasi ya mwisho: steki ya mkahawa wa kila kitu

Nazungumzia zile sehemu za kwenye maduka makubwa zenye piza, biriani, pankeki na steki kwenye ukurasa mmoja. Steki hapo haiagizwi mara nyingi, kwa hiyo mpishi hana mazoezi nayo. Kula biriani. Pesa ya hiyo steki inunulie ribai nene kwenye bucha linalohifadhi nyama kwenye baridi, uipike nyumbani kwenye sufuria nzito iliyopata moto sana, na uiache itulie dakika tano kabla ya kuikata.