Asali ya yule mzee wa Majengo: nilikwenda kununua chupa, nikarudi na mzinga

Nianze na kasoro, maana najua wengi mkishaona nyota nne mnaacha kusoma. Chupa zake zinavuja. Ni zile za maji ya kunywa zilizooshwa, vifuniko vimelegea, na ukiilaza kwenye kikapu pamoja na vitambaa vya wateja kama nilivyofanya mimi, utafika nyumbani kitenge cha mtu kimenata. Nikakilipa. Siku hizi naenda na chupa yangu ya kioo yenye mdomo mpana, na wewe fanya hivyohivyo.

Sasa asali yenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, mwaka wa ishirini na mbili huu, lakini asali niliijua kabla ya sindano. Babu yangu kule Kondoa alikuwa mrina asali, kwa hiyo mtu hawezi kuniuzia sukari guru iliyochemshwa akaniambia imetoka Itigi, kule Singida kunakosifika kwa asali. Hapa mjini kila dumu la barabarani limetoka Itigi! Itigi ingekuwa na nyuki wote hao, watu wangehama.

Kibanda kiko nyuma ya soko, katikati ya muuza viungo na fundi saa. Meza moja, ndoo tatu nyeupe zenye bomba chini, na kile kifaa kidogo cha kupimia maji yaliyomo kwenye asali. Ukitaka atakupimia mbele yako. Ikizidi asilimia 20 haiuzi, kwa sababu asali yenye maji mengi inachacha. Mzee mwenyewe ni Mgogo, mstaafu, Mwanglikana wa kufunga duka Jumapili hata ulie. Ana asali ya msituni, nyeusi kidogo, haina harufu ya moshi hata chembe, na mwishoni inakwaruza koo taratibu kama tende. Nilinunua kwa shilingi 15,000 lita. Ana ya alizeti, ya dhahabu, tamu moja kwa moja kama mtoto asiye na siri. Ya nyuki wadogo wasiouma anayo kidogo sana, ina uchachu kama wa ukwaju, na bei yake sitaitaja, msije mkaniona mfujaji.

Ile ya alizeti inaganda. Nimesimama pale nikashuhudia dada mmoja akiirudisha na kelele juu, eti amewekewa sukari. Mzee hakugombana. Alichota maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akaisimamisha chupa humo, akaendelea kuhudumia watu, baada ya muda asali ikalegea. Akamweleza kuwa asali ya alizeti huwahi kuganda kuliko nyingine kwa aina ya sukari iliyomo, na kwamba kuichemsha ndiyo kuiua. Kile kipimo cha kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuiwasha anakicheka. Na jambo jingine lililonifurahisha: mama mmoja kijana alitaka asali ya kumlambisha kichanga chake, mzee akakataa pesa. Mtoto hajafikisha mwaka, asali inaweza kumdhuru, subiri. Wangapi wanakataa pesa sokoni?

Mimi naye tulianza kwa kukosana. Ilikuwa Oktoba, jua lile la Dodoma linalokausha hata mate. Nilitaka lita mbili. Akasema hakuna.

"Mzee, ndoo hizi je?"

"Hizo zina wenyewe, walishalipa."

"Basi karine nyingine. Mizinga si unayo?"

"Mama Kondoa," akasema, na jina hilo ndilo limenishika mpaka leo, "iliyobaki mzingani ni ya kwao."

Anarina mara moja, mvua zikishakwisha na maua yakishapita, na kila mzinga anauachia theluthi. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo nyuki anaishi kwa akiba. Ukikomba masega yote wanakufa au wanahama, nawe unabaki na sanduku. Hesabu hiyo hata mfanyabiashara asiye na dini anaielewa. Ila mzee haisemi kama hesabu. Anasema kwenye Biblia yake wakulima waliambiwa wasivune hadi pembezoni mwa shamba, waache kwa ajili ya maskini na mgeni, na kwamba kwenye mzinga mgeni ni yeye.

Nikanyamaza. Halafu nikauliza kuhusu hilo daftari alilokuwa anaandika.

Hiyo ndiyo huduma ninayotaka hasa kuieleza. Unalipia mzinga mmoja, mimi nilitoa 70,000, anakuandika kwenye daftari la shule, mnatia sahihi. Mavuno yanagawanywa mafungu matatu: la nyuki, lake na lako. Juu ya hapo unadaiwa siku moja ya kazi kwa mwaka, kule mizinga iliko, vilima vya upande wa Mpunguzi. Hii siku ya kazi haikombolewi kwa pesa. Nilijaribu.

Nikapanda daladala, nikamalizia na bodaboda, nikafika nimevaa viatu visivyofaa. Mizinga imening'inizwa kwa waya kwenye migunga, si kuwekwa kwenye matawi, kwa sababu ya nyegere. Mnyama yule haogopi kitu. Akiufikia mzinga anaubomoa wote. Mizinga ya magome hana tena. Ukibandua gome la mti uzima ili upate nyumba ya nyuki, mti unakufa, na nyuki wa mwakani watafuata maua gani?

Kazi yetu siku hiyo ilikuwa visiki. Wengi Dodoma mnaijua kama kisiki hai: mti uliokatwa zamani mizizi yake bado iko chini, kila mvua inachipua kichaka, mbuzi wanakula, mwakani tena. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unayapogoa, halafu unafunga kitambaa ili kila apitaye ajue kisiki hiki kina mwenyewe, asikate. Mzee alikuwa anafunga vipande vya mfuko wa nailoni vilivyochanika. Nikamwambia, mzee, mimi nina magunia ya vipande vya vitenge nyumbani natupa. Safari iliyofuata nilibeba mkoba mzima. Sasa ukipita kile kilima unaona mashina yamevaa vitenge vya akina mama wa Majengo, na vingine navikumbuka ni vya harusi ya nani.

Nikiwa nimeinama pale nilikumbuka mambo ambayo sikuyataka. Mimi ni mtoto wa HADO. Wasiojua: Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza 1973, na kwetu Kondoa ardhi ilikuwa imechimbika makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1979 ikatoka amri mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nilikuwa na miaka tisa. Baba aliwapeleka ng'ombe kwa ndugu nje ya eneo, akarudi na fimbo tu, akaiegemeza ukutani. Tulikosa maziwa, tulikosa samadi, mama alitukana kimoyomoyo miaka. Na nyasi zilirudi. Miti ilirudi. Babu akaanza tena kutundika mizinga sehemu ambazo alikuwa haendi. Ng'ombe wa maziwa wa kufugwa ndani walikuja baadaye, mwaka 1989, baba alikuwa ameshazoea chai ya rangi. Kwa hiyo mtu akiniambia "mazingira" kwa sauti tamu namuuliza kwanza, nani alipe? Pale kilimani nililipa mimi mwenyewe, kwa mgongo, na hakuna aliyeniamuru. Tofauti hiyo naiona kubwa.

Msimu wa kwanza sikupata kitu. Sifuri. Mzee alinipigia simu, sauti iko chini. Mbele ya mizinga minne nyuki walikuwa wametapakaa chini wamekufa, wangu ukiwemo. Jirani mwenye shamba la alizeti alikuwa amepiga dawa saa nne asubuhi, maua yamefunguka, nyuki wako kazini. Nikadai hela yangu. Mzee akakataa, akanionyesha kwenye daftari pale nilipotia sahihi kwamba hasara nayo ni mafungu matatu. Niliondoka na hasira na nyota ningempa moja, mshukuru sikuandika wiki ile.

Wiki mbili baadaye akaniita kwenye kikao chini ya mbuyu. Alikuwepo jirani, shehe wa msikiti wa kijijini, na katekista. Nilidhani kutakuwa na faini. Shehe akasoma Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, Mola anapomfunulia nyuki ajenge milimani, mitini na katika vile wanavyojenga watu. Alivyoifasiri ilinikaa: makazi matatu, na mwanadamu katajwa wa mwisho, yeye katoa sanduku tu. Ukhalifa wa mwanadamu hapa duniani, akasema, ni wa mwangalizi wa mali ya mtu mwingine. Mimi nikakumbuka ustadhi wetu wa madrasa, alivyotuambia kuwa Kiarabu cha aya zile kinamsemesha nyuki kwa tamko la kike. Nikamwambia mzee. Akatabasamu: wanaokwenda kutafuta chakula wote ni majike, madume hawana kazi hiyo. Katekista akacheka kuliko alivyotakiwa.

Jirani hakucheka. Alisema neno ambalo kwangu lilikuwa la maana kuliko yote ya siku ile: "Maneno ni mazuri, lakini wadudu wanamaliza alizeti yangu. Nifanye nini, niombe dua?" Kimya. Si rahisi kumjibu mwenye watoto wa kusomesha. Wakashuka kwenye mambo ya mikono. Dawa ipigwe magharibi, nyuki wakisharudi. Atoe taarifa siku moja kabla, mzee afunge milango ya mizinga. Na mzee atundike mizinga miwili ukingoni mwa shamba la jirani, fungu moja liwe la jirani, maana nyuki ndiye anayepeleka chavua kwenye alizeti ile ile. Mwaka huu jirani anasema vichwa vimejaa zaidi. Mimi sikuvihesabu, nayaandika kama alivyoyasema.

Mavuno ya pili nilikuwepo. Tulikwenda jioni, bomba la moshi likinuka nyasi na samadi kavu, nikiwa ndani ya vazi la wavu linalonifanya nionekane kama bibi harusi aliyekimbia. Mzee anafungua taratibu, anaongea nao kwa Kigogo. Sega lililofunikwa na nta anachukua, lenye majana, yaani watoto wa nyuki, anarudisha, lisilofunikwa anaacha, kwa kuwa bado lina maji. Mikono yake haikimbii. Niliumwa mara mbili, zote ni makosa yangu.

Kabla hatujafunga ndoo alikata kipande cha sega tupu, akakiweka juu ya jiwe. Nikashtuka, kwa sababu babu yangu alifanya hivyo hivyo maisha yake yote. Ni kwa yule ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki, anayeweza kula nta. Babu alituambia ukimnyima, safari ijayo atakupeleka kwa nyoka. Babu alikuwa Mwislamu wa sala tano, na mzee huyu ni mzee wa kanisa, hawakujuana. Nikamuuliza kama ni mila. "Mila gani, Mama Kondoa? Ni mshahara." Lakini mizinga ni yako, nikamwambia, ndege hakukuonyesha. Akasema babu wa huyo ndege alimwonyesha babu yake.

Fungu langu lilikuwa lita tatu na nusu. Kwa bei yake ya dukani ni kama 52,500, kwa hiyo baada ya misimu miwili 70,000 yangu haijarudi, na nauli sijahesabu. Anayetafuta faida ya haraka aende akauze mitumba. Nusu lita nilimpelekea mwenye kitenge kile kilichonata; alisema sasa tumelingana.

Nyota nne. Ya tano ameikosa kwa vifuniko, na kwa kutopokea simu akiwa kilimani. Duka linafunguliwa saa tatu, Jumapili hakuna, na kuanzia Septemba usitegemee kukuta asali ya msituni, usiende ukagombana kama mimi. Mizinga mipya anaandikisha kabla ya mvua, watu wachache. Ukienda mwambie umetumwa na Mama Kondoa, na ubebe matambara. Visiki vya upande wa pili wa kilima bado havijafungwa.