Kufunga Ziwa Tanganyika au kudhibiti nyavu: kipi kinamfaa zaidi dagaa wa Kigoma?

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kufunga ziwa kuna faida ya wazi: chombo chochote kitakachoonekana majini kikivua kimevunja sheria, na kipindi hicho huangukia kwenye msimu wa kusi, ambapo upepo husaidia kupandisha virutubisho kutoka kina cha chini na kukuza mwani mdogo unaoanza mnyororo wa chakula cha dagaa na migebuka. Gharama yake, hata hivyo, ni nzito kwa kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga, mialo ya Kigoma.

Kudhibiti nyavu kunawaachia kipato, na kokoro, wavu unaokokota samaki wachanga ufukweni, linastahili kuondolewa mwaka mzima. Lakini nani atapima matundu ya nyavu usiku, taa za wavuvi zikiwa zimetapakaa ziwani?

Wala hakuna njia kati ya hizo inayopoza maji. Tabaka la juu linapopata joto huwa jepesi, likachanganyika kwa shida na la chini, na chakula cha samaki kikapungua hata pasipo mvuvi. Kwa hiyo naona udhibiti wa nyavu uwe msingi, na ufungaji uuongezee nguvu, mradi wachakataji washirikishwe kupanga tarehe.