Kupanda na kushuka bila treni kusimama: tramu ya ubavuni au behewa la kuachwa?

Tramu, yaani treni nyepesi ya mjini, aliyoipendekeza mbunifu Paul Priestman wa Uingereza mwaka 2011 ingekimbia sambamba na treni ya kasi, ishikamane nayo ubavuni, na abiria wavuke kutoka tramu hadi treni na kutoka treni hadi tramu. Huo ndio ushindi wake mkubwa, ingawa ingedai reli ya pili ndefu, gharama ambayo kwangu ni kikwazo kizito, na milango ya kuunganishia ingehitaji matunzo yasiyokatika.

Behewa la kuachwa, lililotumika Uingereza hadi mwaka 1960, lilitenganishwa na treni kwa nyuma ikiwa mwendoni, kisha gadi aliyekuwa ndani akalisimamisha kituoni kwa breki. Lilipita reli zilezile na likathibitika kwa miaka mingi. Lakini lilishusha tu, halikupandisha, na kila behewa lilitaka gadi wake.

Penye miji mikubwa iliyokaribiana na fedha za ujenzi, tramu inastahili majaribio. Penye kituo kidogo chenye washukaji wengi, behewa lingetosha.