Kununua beko iliyotumika kwa kazi za nyumbani: ipi iwe ya kwanza, ipi ya mwisho

Kama kazi yenyewe ni mtaro mmoja wa bomba na shimo la choo, usinunue. Kodi mashine pamoja na dereva wake, mmalizane. Kununua kunaleta maana pale kazi zinapofuatana: msingi, njia ya gari, visiki, kifusi, bwawa dogo.

Ya kwanza kwangu ni beko kamili, yenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Ina uzito wa tani 6 hadi 8 na huchimba kina cha mita 4 na ushee. JCB 3CX, Case 580, Cat 416, John Deere 310, zote zinafaa. Chukua ile ambayo fundi wako ameshawahi kuifungua na vipuri vyake vipo. Inachimba, inabeba, inasawazisha, na siku ukiichoka haikosi mnunuzi. Ila pima lango kwanza, maana upana wake unapita mita 2, na ujue shimo la maji taka lilipo kabla tani 7 hazijapita juu yake.

Ya pili ni beko ndogo iliyoundwa kiwandani ikiwa nzima, ya aina ya Kubota. Kina chake ni mita 2.5 hadi 3, na kazi nyingi za nyumbani hazihitaji zaidi. Tatizo ni bei: ndogo hizi hazishuki thamani upesi.

Eskaveta ndogo naiweka ya tatu. Inazunguka pale pale na kupenya uchochoroni, lakini udongo ikishauchimba, kuuhamisha ni shauri lako na toroli. Eneo lako likiwa finyu sana, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya mwisho ni mkono wa kuchimba unaoning'inizwa nyuma ya trekta la shamba. Bila fremu ya chini ya kuubeba, nguvu yote ya kuchimba inaishia kwenye mwili wa trekta, na mwili huo unaweza kupasuka.

Sasa ukaguzi, ambapo pesa huokolewa au hupotea. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto haisemi ukweli. Mita inayohesabu saa za kazi za mashine isikulevye, kwani hukatwa waya au hubadilishwa. Tazama pini na bushi, yaani vyuma vya kwenye maungio ya mkono. Nyoosha mkono wa nyuma, inua ndoo kidogo kutoka ardhini, zima injini, kisha mtu aisukume ndoo kushoto na kulia huku wewe umekodolea macho shina la mkono. Mlegeo wa milimita chache pale shinani huwa mkubwa sana ukifika kwenye ndoo. Pini na bushi hubadilishwa bila shida kubwa, lakini tundu la pini lililoliwa hadi kuwa na umbo la yai litataka kujazwa na kuchongwa upya, na hilo si la fundi wa panga na nyundo. Ukikuta grisi mbichi kila mahali, ifute kwanza. Huenda imejazwa asubuhi hiyo hiyo ili kuficha mlegeo.

Kisha inua ndoo ya mbele, zima, uiache dakika 10. Ikishuka upesi, sili za silinda zimechoka au valvu inavuja. Miguu ya pembeni, ile ya kuegemea wakati wa kuchimba, ipime vivyo hivyo. Usipite chini ya ndoo hata kwa utani. Mafuta ya haidroliki yenye rangi ya maziwa yana maji ndani. Ingiza ndoo kwenye lundo la udongo na usukume mbele: injini ikinguruma huku magurudumu yamesimama, mashaka ni kwenye gia boksi, na hiyo ndiyo gharama inayoua biashara. Angalia pia nyufa na alama za kuchomelea kwenye mkono. Rangi mpya sehemu moja tu ina sababu yake.

Mwisho, linganisha namba ya bamba la mashine na ile ya kwenye karatasi. Bamba likiwa limeng'olewa, ondoka, hata bei iwe ya kutupa.